Asubuhi Odile Alipotangaza Kuacha Ubunge

Benchi la mbele ya duka la mashine za kufulia la Claudette, pale Garrow Falls, kaskazini kabisa mwa New Hampshire, lina wenyewe, na wenyewe ni watatu. Romeo Lachance anaitwa Msumeno: alikata miti miaka thelathini na minane, na sauti yake mpaka leo inakwaruza. Gaston Fortier ni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Wa tatu ni Normand Bilodeau, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa. Huyo wanamwita Nyapara, na siku nyingine wanamwita hivyo kwa mapenzi. Claudette huwatolea birika la kahawa saa mbili asubuhi, likiisha limeisha. Asubuhi hiyo ya Juni visubi vilikuwa vikiuma masikio bila huruma, na gazeti la mji lilikuwa limelala katikati yao kwenye benchi. Odile Gagnier, mbunge wao katika bunge la jimbo kwa miaka kumi na minne, hatagombea tena.

— Mistari sita, alisema Msumeno. Miaka kumi na minne, wamempa mistari sita. Hata paka akipotea anaandikiwa zaidi.

— Mimi nilijua tangu Jumapili, alisema Redio.

— Wewe hujui hata umeweka wapi miwani yako.

— Ameitwa Washington, bwana! Kazi kubwa. Ofisi ina zulia mpaka ukutani.

— Odile? Yule wa basi la shule?

— Kwani dereva wa basi hakanyagi zulia?

Normand aliipuliza kahawa yake. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na baridi. Alijua tangu Jumamosi, tena si kwa tetesi, na alikuwa akitamani wenzake wahamie kwenye habari za mpira.

— Wewe Redio unatufunga kamba, alisema Msumeno. Yule mama si mtu wa zulia. Baba yake alikuwa kiwandani, kwenye mashine namba mbili, ile iliyomla vidole. Ameacha shule akiwa na miaka kumi na saba, akaenda makao ya wazee kuogesha watu na kugeuza vizee vitandani. Miaka ishirini na moja! Na alfajiri, kabla ya hapo, anaendesha basi. Mgongo wake ulikufa kabla ya wangu.

— Siasa aliingizwa na msiba wa Thérèse, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti.

Wote watatu walimkumbuka Thérèse. Alikuwa mfanyakazi mwenzake Odile pale makao ya wazee. Alikuja kazini na homa ya mapafu kwa sababu siku usiyokuja ni siku usiyolipwa, akaanguka kwenye ujia na sinia la uji mkononi, na siku ya nne wakamzika. Wiki iliyofuata Odile alianza kugonga milango, nyumba hata nyumba, na viatu vyake vya kazini miguuni, akiwaambia watu kwamba anataka kwenda bungeni kudai mgonjwa aruhusiwe kuwa mgonjwa. Mara ya kwanza alishindwa kwa kura tisa. Mara ya pili alishinda, na mswada wake wa siku za ugonjwa akaupeleka mara sita. Mara zote sita ulikataliwa.

— Basi ndiyo hiyo, alisema Msumeno. Amechoka kupigwa.

— Hapana! Sikiliza. Redio alisogea karibu. Kuna mwanamume mmoja mjane kule Quebec, ana shamba la miti ya kugemea sukari. Ameonekana naye.

— Ameonekana na nani?

— Na watu.

— Watu gani, wee mzee? Juzi ulisema watu wamemwona marehemu kaka yako kwenye foleni ya posta.

— Haya, achana na mjane. Ni wale wa takataka. Wanataka kuleta taka za majimbo matatu kwenye lile shimo nyuma ya kiwanda. Wamemnunua akae pembeni. Mtu anafanya kazi ya bunge kwa dola mia kwa mwaka, akiwekewa bahasha mezani ataacha kuitazama?

— Huo sasa ni uzushi.

— Nakwambia amenunuliwa!

— Nyamaza, Gaston.

Aliyesema hivyo ni Normand. Hakupaza sauti, lakini Redio hakuwa amesikia jina lake halisi kwenye benchi lile kwa miaka, akafunga mdomo.

— Anaumwa, alisema Normand. Ule ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wa kulia hauwezi tena kushika kalamu. Alikuja kwangu Jumamosi kuniambia.

— Kwako? Msumeno alimgeukia. Kwa nini kwako? Wewe hujawahi hata kuweka bango lake mbele ya nyumba yako.

Normand alitazama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo zamani lango la kiwanda lilikuwa. Alikuwa na jibu hilo kwa miaka tisa. Usiku na mchana aliyapanga maneno yake, na sasa maneno yote yalikuwa yamemkimbia.

— Mnakumbuka mswada wa kupima visima? Ule wa kwanza, uliokufa?

— Ulikufa kwa kura moja, alisema Redio polepole.

— Odile alihitaji mtu wa kiwandani aende mbele ya kamati, aseme tulikuwa tunamwaga nini kule shimoni. Mapipa ya dawa ya kusafishia karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika zamu za malori, nilijua kila pipa. Alikuja jikoni kwangu, tukanywa kahawa, nikamwambia nitakuja.

Normand alikizungusha kikombe mikononi.

— Nilikwenda, kweli. Niliendesha gari mpaka Concord, nimevaa tai. Nikaegesha mbele ya bunge. Nikawaza kazi yangu, nikawaza mabosi, nikawaza nitakavyotazamwa mjini kiwanda kikifungwa. Nilikaa ndani ya gari kwa saa mbili nzima. Nikamwona anatoka nje mara mbili kwenye ngazi, anatazama barabarani, ananisubiri. Nikawasha gari nikarudi nyumbani.

Ndani, mashine moja ya Claudette ilianza kuzungusha nguo kwa kishindo.

— Ilimchukua miaka minne mingine kuupitisha, alisema Normand. Miaka minne visima havikupimwa.

Sasa alikuwa amefika pale alipoogopa kufika. Romeo Lachance, Msumeno mwenyewe, na mkewe, Lorraine, walikaa kwenye barabara ya lile shimo, na walikunywa maji ya kisima. Kisima chao kilipimwa sheria ilipopita, kikafungwa siku hiyo hiyo. Wakati huo Lorraine alikuwa hospitali, na hakurudi.

Msumeno aliweka kikombe chini, kwenye lami, kwa uangalifu kama kilichojaa.

— Daktari alisema haiwezekani kujua, alisema. Kama ni maji, au ni Mungu tu.

— Najua alivyosema.

— Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye gari.

— Nilikuwa nimekaa kwenye gari.

— Miaka tisa unakunywa kahawa hapa na mimi.

— Ndiyo, Romeo.

Redio alijifanya anatazama visubi.

— Na yeye Odile? aliuliza Msumeno hatimaye. Jumamosi alikuambia nini?

— Nilitaka kumwomba radhi. Akanikatiza. Akasema, "Sikuja kukulaumu, Normand. Nimekuja kukuaga, maana mlango wako ndio wa kwanza niliougonga." Kisha akaniomba nimfungie vifungo vya koti, vidole vyake vilikuwa haviwezi.

Msumeno aliinama kukitazama kikombe chake. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelala juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine. Normand alingoja kipigo, au tusi, au mwenzake ainuke aende zake. Angelikubali lolote kati ya hayo.

Mlango wa Claudette ulifunguka, akatoka mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, kapu la nguo ubavuni. Alikuwa amevaa sare ya makao ya wazee.

— Samahanini, wazee. Naitwa Marisol, nimehamia hapa mwezi wa tatu. Mle ndani kuna karatasi ukutani, imeandikwa ukiwa na shida mpigie Odile, na namba. Nimepiga. Mashine ya simu inasema hapokei kesi mpya.

— Anaumwa, mama, alisema Redio kwa upole.

— Pole yake. Marisol alihamisha kapu upande wa pili. Mtoto wangu alikuwa na homa, nikakaa naye siku mbili. Leo nimefika kazini nikaambiwa nisirudi tena. Sasa nimpigie nani?

Redio alimtazama Msumeno. Msumeno alimtazama Normand. Kati ya wazee watatu waliozaliwa mji ule, wanaojua nani alimwoa nani na mbwa wa nani alimng'ata nani, hakuna aliyekuwa na jina la kumpa. Redio, kwa kukosa la kufanya, aliinua birika kumimina. Lilitoa matone mawili.

— Hakuna mtu? aliuliza Marisol.

Msumeno alisogea. Akaacha nafasi katikati ya benchi, kati yake na Normand, akaipangusa kwa kiganja.

— Keti, binti. Weka kapu chini, utaumia mgongo.

Marisol aliketi. Msumeno aliokota gazeti, akalikunja mpaka ukingo mweupe ukabaki juu, akalinyoosha mbele ya mwanamke bila kumtazama aliyekaa upande wa pili.

— Andika, Nyapara, alisema, na sauti yake ilikwaruza kuliko siku zote. Kuandika ndiyo kazi uliyokuwa ukiiweza. Andika kila kitu anachosema, na safari hii ukifika Concord ushuke garini.

Normand alipokea gazeti. Aliazima kalamu kutoka mfuko wa sare ya Marisol, akaitazama ncha yake kitambo.

— Jina la ukoo? aliuliza.