Kiti cha Stan

Benchi la mwisho gatini katika mji wa bandari wa Whitby, lile linalotazama daraja, watu wa klabu ya wastaafu wa Barnsley wamelifanya lao kila mwaka wanapokuja kutembea, na mgeni akilikalia hutazamwa mpaka anyanyuke mwenyewe. Jumamosi ile walikuwa watatu. Wenzao walishapanda basi. Enid peke yake hajarudi, na tangu wateremke asubuhi hakuna aliyemtia machoni. Beryl, anayeitwa Mama Flaski kwa kuwa kahawa yote ya klabu hutoka kikapuni mwake, hakutulia. Alikaa, akasimama, akatazama saa, akaketi tena.

— Simu yake je? aliuliza.

— Nimepiga, alisema Trevor, ambaye jina lake kijiweni ni Dira, maana aliwahi kupotea ndani ya soko la kwao Barnsley. Inalia ndani ya basi, kwenye kiti chake.

— Basi twende tukamtafute!

— Tulia, Mama Flaski, alisema Clifford, aitwaye Admirali kwa kuwa alichemsha chai kwenye feri msimu mmoja, na tangu hapo mambo ya bahari haambiliki. Daraja lilifunguliwa mashua ipite, Enid akakwama ng'ambo. Si jambo.

— Limeshafunguliwa na kufungwa mara tatu, Admirali!

— Haraka haraka haina baraka.

— Mie nasema kapanda ngazi za kule kilimani, kwenye magofu ya abasia, alisema Dira. Magoti yamegoma. Kakaa juu kama paka kwenye paa.

— Enid? Na yale magoti?

— Ndiyo maana yamegoma!

Shakwe mmoja akatua mbele yao, akamnyang'anya Dira kipande cha samaki mkononi, akaenda zake. Dira akatukana, kisha akapata wazo.

— Hawa! Wamemfukuzia chipsi zake mpaka huko mwisho wa gati!

— Hapana, alisema Admirali, akishusha sauti. Mnaikumbuka ile mashua ya buluu? Nahodha mwenye ndevu? Yule mama kaondoka naye. Saa hizi wanaiona Uholanzi.

— Toka hapa! Enid ana miaka sabini na tano!

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa hapo mbichi ni nani, mzee wewe?

Walicheka, lakini Beryl hakucheka. Mwaka jana Enid alikaa hapa hapa na mumewe Stan, wakigombania siki ya chipsi. Stan kafariki majira ya baridi.

— Nyie, isije ikawa ni huzuni, alisema.

— Huzuni ya nini? Admirali alikuja juu. Sisi tuna adabu zetu. Kile kiti cha Stan basini, kando ya Enid, kuna aliyekikalia tangu azikwe? Hakuna! Mfiwa hasumbuliwi, anaachiwa nafasi yake.

— Kweli kabisa, alisema Dira. Mie hata salamu nilimpa kwa kichwa tu, nisije nikamliza.

Gemma, dereva wao mpya, akashuka kutoka kwenye basi akiwa na funguo mkononi.

— Samahanini wazee wangu, tunamngoja nani?

— Enid. Mama mfupi, koti la kijani.

— Yule? Gemma akanyoosha kidole ng'ambo ya maji. Si yuko pale benchini tangu mchana, anawatazama. Nilidhani hamjuani. Kwani asubuhi alikaa na nani?

Admirali aliangalia viatu vyake. Beryl aliangalia kikapu chake miguuni. Asubuhi alikiweka kwenye kile kiti cha Stan, kwa kuwa kilikuwa wazi, na kikasafiri pale mpaka Whitby, na yeye nyuma yake akipiga soga na wengine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Ng'ambo, koti la kijani halikusogea.

— Niongezee kidogo, Mama Flaski, alisema Admirali kwa sauti ndogo, akinyoosha kikombe.

— Imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Aliimimina yote iliyobaki kwenye kikombe cha Enid, akamsukumia Admirali kikapu mapajani.

— Hicho utakipakata wewe mpaka Barnsley, alisema, akashika njia ya darajani, kengele ya kulifungua ikiwa imeanza kulia.