Mama Julienne Lotika na Meno Aliyoacha Kuyaficha

Papa padri, wazee wetu, majirani na ninyi nyote mliokesha nasi kwenye matanga, familia imenituma mimi Faustin, mkwe wa marehemu, niwasomee maisha ya Mama Julienne Lotika, naye mwenyewe aliagiza kwamba kisa cha meno kisirukwe.

Mama alizaliwa tarehe 12 Agosti 1941 huko Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, baba yake akiwa fundi wa reli, na mwaka 1954 akaja hapa Kisangani, wakati huo ukiitwa Stanleyville, kusoma kazi za nyumbani kwa masista, akamaliza mwaka 1958 na zawadi ya kwanza ya kung'arisha masufuria, maana kwa limau na majivu hakuwa na mpinzani, na mbele ya sufuria yake ungeweza kuchana nywele. Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha wanawake mapishi na ushonaji katika foyer social, kituo cha mafunzo ya akina mama.

Zawadi hiyo ndiyo iliyomponza. Harusi yake na Papa Basile, karani, ilipangwa tarehe 2 Julai 1960, siku mbili baada ya uhuru, na kwa kuwa mji mzima ulikuwa ukijipamba, naye alitaka meno meupe pee kwenye picha, basi mwezi mzima akayasugua kwa limau na majivu kama sufuria, kisha akasukutua kwa eau oxygénée, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, na kweli yakang'aa, lakini siku ya harusi hata maji yalimchoma, na pichani amefumba mdomo kama aliyenuna. Mganga wa meno wa misheni alimweleza kwamba dawa ile peke yake, kwa kipimo na mikononi mwa mjuzi, isingemtenda hivyo, bali ukali wa limau ulilainisha enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, majivu yakalikwangua, dawa ikapenya palipobaki uchi, na gamba hilo likishaliwa halioti tena. Baadaye meno yakawa ya manjano kuliko mwanzo, na Mama akawa anacheka kiganja kikiwa mdomoni.

Désiré, kifungua mimba wao, alizaliwa tarehe 3 Mei 1964, ubatizo ukapangwa Agosti, na kwa kuwa sikio la kufa halisikii dawa, Mama akanunua kwa siri chupa nyingine kwa ajili ya picha. Tarehe 4 Agosti waasi waliuteka mji, ubatizo ukaahirishwa, maduka ya dawa yakafungwa, na mwezi wa Septemba risasi ikamchana Papa Basile mguuni alipokwenda kutafuta muhogo, kidonda kikaanza kunuka, na Mama akaogopa kubaki mjane na mtoto mchanga. Akaifukua chupa yake ndani ya gunia la mchele, akakiosha kidonda mpaka tone la mwisho, na kwa neema ya Mungu mguu ukapona. Papa alipouliza dawa imetoka wapi, ilimbidi aungame, na jibu la Papa walilirudia hadi uzeeni: "Julienne, miye nilioaka mutu, sikuoaka meno." Mama alicheka sana, akasahau kiganja.

Désiré alibatizwa Januari 1965, wakafuata Colette mwaka 1967, ambaye ni mke wangu, na Emile mwaka 1970. Mama alifundisha hadi 1985, na hakuna bibi arusi aliyetoka mikononi mwake bila kuambiwa, "Meno haiko sufuria, mutoto wangu," na kwamba ukila limau usukutue kwa maji matupu, usikimbilie mswaki. Papa Basile alimtangulia mwaka 2003. Mwezi wa Januari 2016 Mama aliugua moyo, akalazwa, akarudi nyumbani kwake hapa mtaa wa Tshopo, na tarehe 10 Machi, asubuhi, alituaga kwa utulivu, watoto wake wakimzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchota maji wiki nzima, na walimu wenzake wa zamani, ambao baadhi yao wamekuja kwa fimbo. Picha iliyo mbele ya jeneza ni ya ubatizo wa Désiré, aliichagua mwenyewe, meno yote nje. Mama Julienne, pumzika kwa amani, na Papa Basile akikupokea, ucheke hivyohivyo.