Fungu la Binti wa Bwawani

Kijiwe chetu kiko Tunduma, mkabala na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kahawa anachemsha Mama Sekela, nyeusi tii, ya kwao Mbozi. Jumamosi ile Mwalimu Gwalugano alikuja na daftari lenye ngano arobaini alizokusanya Hasamba na Msangano kwa miaka miwili. Jumatatu alitakiwa kuzikabidhi zichapwe kitabu cha shule za msingi, zikiwa zimepangwa kwa mafungu. Thelathini na tisa zilishapata pa kukaa. Moja ilimgomea.

— Chatu anamchukua binti, anaishi naye bwawani, alisema Mwalimu. Mdogo wake anakwenda kumwita kila siku, mpaka maji yanamrudisha dada. Sasa niiweke kwenye za wanyama, za mazimwi, au za asili ya vitu?

Sadoki, tunayemwita Transiti kwa kazi yake ya kutoa mizigo mpakani, akashusha kikombe.

— Mbona simpo. Hadithi ni mzigo. Panga kwa nchi ilikotoka.

— Hii inasimuliwa huku na Zambia.

— Basi kata. Kichwa kibaki huku, mkia uende Nakonde. Wahenga walisema, chema chajiuza.

Osea fundi matairi, Profesa kwa jina la kijiwe, alitikisa kichwa.

— Umepotea, mzee. Panga kwa miguu. Sungura minne, zimwi miwili, chatu hana.

— Na bwawa?

— Nalo halina. Linakaa na chatu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Bora upange kwa usingizi, akasema Transiti. Mtoto akilala mapema, fungu la kwanza. Asipolala, hiyo ni siasa.

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Isiyo na fungu ingeachwa nje ya kitabu, na aliyemsimulia hiyo, Bibi Anyosisye wa Hasamba, ndiye pekee aliyebaki anaijua kijijini kwake.

Dereva mmoja aliyesubiri karatasi zake, Watson, Mnamwanga wa ng'ambo ya Zambia, alipokea kahawa yake akauliza taratibu:

— Samahani wazee. Huyo mdogo akimwita dada yake, anaimbaje?

Mwalimu akafungua daftari. Alikuwa ameandika: "Hapa anaimba." Akafunua ngano nyingine. "Hapa wanaimba." Kumi na saba zilikuwa hivyo hivyo.

Akampigia simu Bibi Anyosisye, akaweka spika.

— Shikamoo bibi. Ule wimbo wa bwawani ukoje?

— Marahaba. Miaka miwili unaniandika, hukuwahi kuuliza. Nikadhani shuleni hamuimbi.

Akaimba kwa Kinyiha, sauti nyembamba lakini haikutetereka. Mstari wa pili Watson akaitikia kwa Kinamwanga. Maneno mengine, mahadhi yaleyale. Bibi akasita.

— Nani huyo anajua kuitikia?

— Mgeni, bibi.

— Mwambie asiache.

Mzunguko wa tatu kijiwe kizima kiliitikia, Profesa akipiga ringi kwa spana, madereva wakishuka kwenye malori. Mwalimu aliandika haraka, macho yamelowa. Juu ya ukurasa akaweka fungu jipya: Ngano za Kuimba. Akazihamishia humo zote kumi na saba. Nyimbo zilizobaki angezifuata Hasamba kesho yake, baada ya ibada.

— Umeandika? bibi akauliza.

— Nimeandika.

— Haya, nisomee nisikie.

Mwalimu akaangalia daftari, akalifunga, akaimba.