Nusu Kichwa cha Peguy

Machano aliyaona yote kwa macho yake mwenyewe, na asiyeamini ainuke kwenye benchi awapishe wanaoamini. Benchi lenyewe limeegemea dirisha la saluni ya Immaculée, South Beach, Durban. Wanaume kahawa nje, wanawake kusukwa ndani. Mwaka huo wa 1998 habari ilikuwa moja: Blandina msusi, aliyefichishwa bastola za genge la Peguy miaka mitatu kwa kipigo, kajitoa. Na Peguy kaondoka kimya!

— Blandina alimtolea bastola, — alisema Jecha.

— Bastola ya wapi? — Aloys akadakia. — Ile ni dawa, iko kwetu Uvira. Alimpaka kichwani, akili ikayeyuka.

— Mlikuwepo? — Machano akauliza. — Basi nimiminieni kahawa, mfundishwe.

Wakammiminia.

— Peguy kaja kusukwa mistari, kama kila Jumamosi. Blandina kasuka upande mmoja, kaweka kitana chini. “Sema mbele ya hawa mama: Blandina si wangu tena. Husemi, toka hivyohivyo.”

— Si angemzaba kofi?

— Mama saba, Jecha, kila mmoja na kitana cha moto!

— Angeenda saluni nyingine.

— Nani amguse? Msusi wa hapa hamalizi kichwa alichoanza mwenzake. Immaculée alishawapigia simu wasusi wote, mpaka wa kule Isipingo.

— Eish! Nusu mistari, nusu msitu! — Aloys akajipiga paja. — Akasema?

— Akasema! Vigelegele, kahawa yangu ikamwagika. Halafu Blandina akammalizia upande wa pili. Kazi ni kazi. Na mkono wake, mabwana, umetulia kama wa daktari wa upasuaji!

Mlangoni alisimama msichana mgeni akingoja zamu, mikono ya sweta kaivuta mpaka vidoleni.

— Kaka, hakutetemeka hata kidogo?

— Hata chembe! — alijibu Jecha, ambaye hakuwepo.

Msichana akaitazama mikono yake.

— Mimi natetemeka tangu asubuhi. Basi, mwanaume wangu sitamweza.

Akachukua mkoba, akashuka ngazi.

Benchi zima likamgeukia Machano. Kwa mara ya kwanza tangu afike Durban, alitamani asingekuwa ameona kitu. Akaweka kikombe chini.

— Dada, rudi. Mengine yote niliyaona. Hiyo ya mkono nimetunga mwenyewe. Alitetemeka mpaka kitana kikamdondoka mara mbili.

Msichana akasimama. Machano akamalizia:

— Na mara mbili akakiokota.