Nyumba Gawaneni, Moto Una Mwenyewe

Kaeni chini, wanangu, mnisikilize kabla pumzi hii haijaniishia. Si hapo, Tadaomi. Hapo panapotazama mlango ni mahali pa mwenye nyumba, alipokaa baba yako Yasukichi mpaka alipofariki, na mimi bado sijafa. Sogea upande wa wageni, maana ndivyo ulivyo tangu uhamie Tokyo. Na wewe Sumie, acha kujifuta macho. Najua hulii, ni moshi tu. Mtoto aliyezaliwa kando ya irori hii, akatambaa kulizunguka shimo hili la moto mpaka akajua kutembea, leo moshi wake unamtoa machozi kama mtu aliyeshuka kwenye treni asubuhi hii.

Nimewaita kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya moto. Nyumba sitaisemea sana. Sheria imeshasema ni yenu nyote wawili, pamoja na shamba la mpunga la kule chini na ile mierezi ya mlimani. Gawaneni, na mkigombana mgombane kwa sauti ya chini, majirani wana masikio. Birika la chuma achukue Sumie, ila asilichemshie tambi za pakiti. Koti langu la pamba nivalisheni niondoke nalo, na sababu mtaisikia.

Lakini moto sheria haikuutaja. Moto ni wangu, na nitautoa mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnadhani sijui mnachopanga? Nimelala, masikio yangu hayajalala. Mnanong'ona nyuma ya mlango wa karatasi kana kwamba karatasi ni ukuta wa mawe. Mnataka nyumba hii iwe ya wageni. Watu watoke Tokyo waizunguke irori, wale figili zangu nilizozikausha kwa moshi, waambiwe moto huu haujazimika kwa miaka mia tatu. Kikaratasi chenu cha tangazo nimekiona, Sumie, ulikisahau chini ya mto wa kukalia. "Moto wa Mababu." Na chini yake picha yangu nikichochea kuni, mdomo wazi kama samaki aliyevuliwa. Miaka mia tatu! Nani alikuwa akihesabu? Moto una umri wa gogo linaloungua sasa hivi, basi. Na nikishaondoka, wewe utavaa koti langu, ujikunyate pale, ukohoe kidogo, ili wageni wampate bibi waliyemlipia. Wewe, mwanamke unayelala na blanketi la umeme na soksi mbili!

Usicheke, Tadaomi, zamu yako imefika. Uliniletea hita ya mafuta ya taa, ukaisimamisha katikati ya chumba kama mtu aliyeleta sanamu ya hekaluni. "Mama, sasa chumba kizima kitapata joto." Nikakuuliza, chumba ndicho kinachosikia baridi? Ukacheka. Sikuwa nakutania. Ninyi mnapasha moto dari, mnapasha moto makabati, mnapasha moto pembe ambazo hata panya hawazitaki, halafu katikati ya Januari mnatembea na fulana mkilamba aiskrimu, na mkitoa pua nje mara moja mnaugua wiki nzima. Sisi hatukuipasha nyumba moto, tulimpasha mtu. Miguu kwenye kotatsu, shimo lenye mkaa chini ya meza, mfarishi juu ya meza mpaka kiunoni, koti la pamba mgongoni, supu ya miso tumboni, na wakati wa kulala bati la maji ya moto limeviringishwa kitambaa, liko nyayoni. Uso tuliuacha na baridi yake, na ndiyo maana hatukusinzia tukiwa tunazungumza. Baba yenu na ndugu zake walilala miguu yote kwenye kotatsu moja, vichwa vimetokeza kila upande kama miale ya jua alilochora mtoto, na kule chini walipigana mateke mpaka bibi yenu akawatishia kwa koleo. Hakuna aliyekuwa na chumba chake. Ninyi kila mmoja ana chumba chake chenye joto lake, na mkikutana hamna la kuambiana ila bei ya mafuta.

Na paa je? Mmeulizana habari za paa? Hapa kwenye irori mnataka kutia taa nyekundu na kifeni cha kupeperusha karatasi, ili wageni waone mwali wasinuke moshi. Nyasi za paa hukaushwa na moshi. Uondoe moshi huo, wadudu wahamie, theluji iyeyukie humo humo, na siku moja hiyo nyumba yenu itawaangukia wageni wakiwa na vijiti vya kulia mkononi. Nisingesikitika sana. Ila watu watasema ni kwa Kiyono, na jina langu sijawaachia mlichezee.

Nipe maji. Kidogo tu.

Basi sikieni. Moto nampa Otose.

Ndiyo, Otose huyo huyo wa nyumba ya pili. Funga mdomo, Sumie, baridi itakuingia. Mnajua kwamba hatusemezani, lakini hamjui sababu. Nilipoletwa hapa bibi harusi, alisimama mlangoni, akautazama moto wangu, akasema mbele ya mama mkwe wangu: "Huyu anachoma kuni kama mtu aliyeziokota. Kwao nadhani walikuwa wakiota jua." Sijamsamehe, na leo pia simsamehe, msikae mkilisubiri hilo. Tangu siku ile niliamka kila alfajiri kushindana naye, tuone paa la nani litatoa moshi kwanza. Theluji ikifunika dirisha, nilitoboa kitundu kwa mpini wa upawa nilitazame paa lake, na najua yeye naye alikuwa na kitundu chake. Nikimshinda, wali ulikuwa mtamu. Akinishinda, baba yenu hakuhitaji kuambiwa, alikunywa supu yake upesi akatoka kwenda kuzoa theluji kwa koleo.

Mwaka jana mwanawe alikuja akamchukua, akampeleka Sendai kwenye ghorofa yenye joto mpaka chooni. Nilimdharau sana. Nikasema, kwisha, Otose amekuwa paka wa kufugwa. Juzi amerudi. Amerudi peke yake, kwa basi, na kifurushi mgongoni, na huyo mwanawe amemwachia ghorofa na joto lake. Lakini irori yake imelala baridi mwaka mzima, nanyi hamjui maana ya hilo. Majivu yasiyo na moto hunywa unyevu, na ukiwasha kitu juu yake, yanaunyonya moto kutoka chini kabla haujapata nguvu. Kiberiti anacho, kuni anazo, na kila asubuhi kinachotoka kwenye paa lake ni kijimoshi cha kijivu kinachotambaa kama mgonjwa, chenye harufu ya tambara bichi. Kinanichefua. Hatakuja kuomba makaa hapa, na angekuja ningemcheka usoni. Atakaa pale agande kwa kiburi chake. Hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililowahi kuliona kwake.

Moto ni wa mwenye baridi. Haukuwekwa utazamwe na watu walioshiba joto.

Sumie, chukua kile chungu cha makaa chenye kifuniko. Tandika majivu ya moto kwanza, mengi, kisha makaa mekundu ya katikati. Yote. Nimesema yote, usinibakizie. Vaa viatu vya majani makavu, hivyo vyako vya mjini vitakulaza kwenye theluji. Ukifika umwambie hivi: "Kiyono anasema moto wako unanuka." Usiongeze neno. Usiseme naumwa, anajua. Akianza kushukuru, geuka uondoke.

Nenda, mwanangu.

Tadaomi, iache hiyo hita. Chukua reki ndogo usawazishe majivu yaliyobaki. Taratibu, kutoka pembeni kuja katikati. Na usithubutu kumwaga maji! Maji kwenye irori yanarusha majivu mpaka kwenye boriti, na ni kumtukana kila mwanamke aliyewahi kuinama hapa. Acha yapoe yenyewe. Naam. Mkono wako ni mzito, lakini unakwenda.

Unaisikia baridi inavyoingia? Inaanzia sakafuni. Hii naijua. Hii... ngoja nipumue.

Umerudi, Sumie. Amesemaje? Sema alivyosema yeye, usinipambie.

"Mwambie asithubutu kufa kabla sijamrudishia chungu chake."

Mwanamke mjeuri. Asirudishe. Akae nacho, kila akikitazama anikumbuke akose raha. Ameyapokea kwa mikono miwili? Hayo usiniambie. Niambie moshi wa paa lake. Fungua dirisha. Unapanda? Unapanda wima? Mweupe?

Haya. Funga.

Sogeeni sasa, sauti yangu haifiki mbali tena. Mazishi yawe mafupi, watu wasisimamishwe kwenye theluji. Hicho kikaratasi chenye picha yangu... kichomeni. Mengine fanyeni mjuavyo, mtakosea tu. Tadaomi, mbona mikono yako imekuwa hivi? Mtu mzima, na mikono kama aliyetolewa mtoni. Ilete hapa chini ya mfarishi. Na wewe, Sumie. Lete, usijifanye mgeni. Bado nina joto kidogo tumboni, nililitunza. Lichukueni. Radhi yangu ndiyo hii, sina nyingine... mpate wa kumwekea mikono yenu ya baridi, na yeye asiwafukuze...

Usiutoe mkono, mwanangu. Bado lipo. Bado kidogo...