Mkufu wa Mwenyekiti Mstaafu

Muuguzi alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale bwana mmoja wa makamo, suti imemkaa na tuzo ya kioo ameipakata, alikuwa akimsimulia msusi aliyekutana naye humo humo ndani ya basi habari za karamu ya chama chao cha kujitolea.

"Nimetua mzigo, dada yangu! Kengele ya mikutano nimeikabidhi, mwenyekiti mpya nimempa mkono. Kuanzia leo wakigombania nani akapake rangi zahanati, shauri yao. Mama watoto kaniambia nikirudi tena na cheo, nitalala nacho sebuleni."

"Hongera, kaka. Na hilo dude shingoni?"

Bwana akapapasa kifua. Mkufu wa uenyekiti ulikuwa bado unaning'inia, mzito kama mnyororo wa kufungia lango. Muuguzi aliuma mdomo asicheke.

"Lo! Haraka ya kuondoka hiyo."

"Basi bado wewe ni mwenyekiti."

"Thubutu! Makofi yamepigwa, watu wamekula."

"Makofi hayavaliwi, kaka. Mwenye mkufu ndiye mwenye chama."

"Hiki chuma tu!" Akauvua, akautumbukiza mfukoni, akashusha pumzi kama aliyevua kiatu kinachobana.

Basi likasimama. Abiria wakaanza kusukumana mlangoni.

"Taratibu, jamani! Wenye watoto kwanza!" Bwana alikuwa ameshasimama, mkono juu, na watu wakamtii.

Msusi aligeuka nyuma kumtazama muuguzi, ambaye alikuwa anacheka, amesahau kabisa kwamba amelala.