Jina la Orville Kwenye Lebo

Ndani ya basi la kwenda posta, hapa mjini Duluth, Marekani, mama mmoja aliyepakata vifurushi vitatu alimgeukia bwana wa kiti cha pembeni, naye amebeba kifurushi chake. Kumbe wote wawili huchapisha nyumbani lebo zenye stempu, kwa huduma ileile ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi.

"Nimewapigia mara nne wafunge akaunti," mama alisema. "Kila mara wanataka kuongea na mwenyewe. Mwenyewe ni mume wangu Orville, na nilimzika Februari."

"Pole sana, mama. Mimi nahangaika kujitoa tangu Krismasi, na niko hai!"

Mama akacheka hadi akajifuta macho. Mimi nyuma yao nilijifanya nasoma gazeti.

"Lete simu," bwana akasema. "Leo Orville ni mimi."

Muziki wa kusubirisha wateja ulitupitisha vituo vitatu; nimeukariri wote. Hatimaye binti wa huduma akapokea. "Orville Lindqvist hapa," bwana akasema, kwa sauti nzito ya kizee. "Nataka kufunga akaunti."

Mama alikuwa anatazama vifurushi mapajani. Pembeni mwa kila lebo, mahali pa mtumaji, palichapwa jina la Orville. "Wakifunga, hili jina halitatoka tena?" akanong'ona.

"Halitatoka, mama. Si ndivyo unavyotaka?"

Basi likasimama mbele ya posta. Mama akaichukua simu yake taratibu. "Samahani, binti yangu," akasema. "Orville amebadili mawazo."